"Water" na "letter" hazina kina: masikio yetu na poetri ya Kiingereza

Kuna kitu hatuwaambii watoto wanaosoma litricha, na mi naona ndo chanzo cha nusu ya vilio vyao kwenye poetri: shairi la Kiswahili na shairi la Kiingereza hayapimwi kwa kipimo kimoja. Ukikisema hivyo kinaonekana kitu kidogo, lakini mtoto akikikosa anaweza kumaliza fomu foo, na hata fomu siksi, anajua majina ya tamathali zote za semi na bado hajawahi kulisikia shairi lenyewe.

Mi nafundisha tuisheni huku Igoma, Mwanza, wanafunzi wangu wengi ni wa fomu thrii na fomu foo, wachache wa advansi wanaosoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Mzazi akimleta mtoto anasema kile kile walichosema wenzake, "Madam, huyu Kiingereza chake bado chepesi, mpe misamiati migumu." Misamiati migumu wanayo jamani! Wanakuja na madesa ya steshenari, kopi ya kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia, yamejaa "ubiquitous", "plethora", "ephemeral", "juxtaposition", kila neno na maana yake pembeni, na wameyakremu kwelikweli, ukimshtua mtoto usingizini anakutajia. Afu unamwekea shairi la mistari minane lenye maneno ya fomu wani matupu, anakwama.

Nianze na vina, maana hapo ndo wengi wanaangukia.

Unawapa ubeti wa mistari minne, unawaambia waweke ile raimu skimu, yani mpangilio wa vina, mistari yenye kina kimoja inapewa herufi moja, ABAB au AABB au vyovyote itakavyokuwa. Mstari wa kwanza umeishia na "water", wa tatu umeishia na "letter". Mtoto anaweka A, afu anaweka A nyingine, anasonga mbele kwa raha zake. Kwenye pepa hilo ni kosa, na we mwalimu ukimwambia tu "hayo hayaraimu, futa" unamwacha gizani, kwa sababu kwa alivyofundishwa toka shule ya msingi yuko sahihi kabisa. Kina kwa Kiswahili ni silabi ya mwisho. Elimu, kalamu, karamu, hamu, zote zina "mu" mwishoni basi zimelandana, hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekukatalia. "Wota" na "leta" zote zinaishia na "ta", sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba Kiingereza hakianzii kwenye silabi ya mwisho, kinaanzia kwenye ile irabu yenye mkazo, inayotamkwa kwa nguvu kuliko wenzake, kinaenda nayo mpaka neno liishe. "Water" mkazo wake uko mwanzoni, kwa hiyo kinachotakiwa kufanana ni "-ota" yote, ndo maana inaraimu na "daughter" japo kwa macho hayo maneno hayajuani kabisa, na "letter" inaraimu na "better". "Singing" na "running" hayaraimu pamoja na ile "-ing" yao. "Singing" na "ringing" ndiyo. Afu kuna kesi ya kinyume, "love" na "move", ukiyaangalia ni mapacha, ukiyasikiliza kila mmoja na kwao, wenyewe wanaita ai raimu, raimu ya macho. Siku nilipoeleza hivi kwa mara ya kwanza dogo mmoja wa fomu foo alikasirika kabisa, "Sasa madam si mngetuambia toka fomu wani?" Sikuwa na jibu la maana la kumpa.

Ukishagusa vina hivyo umeshaingia kwenye mkazo, na mkazo ndo mlango wenyewe.

Kiswahili chetu mkazo wake hausumbui. Neno liwe fupi liwe refu, unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: ZIwa, ziWAni, saMAki, waVUvi. Kwa kuwa haubadiliki hakuna anayeufikiria, mtu anazaliwa anazeeka hajawahi kujiuliza mkazo uko wapi. Kwa hiyo ukisimama mbele ya watoto ukaanza kusema silabi hii ina stresi na ile haina, wanakuangalia tu kwa heshima. Mi nawaanzishia na neno barabara. Kuna baraBAra ya Musoma, hii hapa nje daladala zinapita, na kuna kazi imefanyika baRAbara. Herufi zile zile, maana mbili, kilichotofautisha ni mkazo tu. Wanacheka, wanalirudia rudia, na hapo hapo nawaambia kwamba hicho ambacho Kiswahili kinafanya kwa maneno ya kuhesabu vidole, Kiingereza kinafanya kila siku: REcord ni kitu, reCORD ni kitendo, PREsent ni zawadi, preSENT ni kuwasilisha, REbel ni muasi, reBEL ni kuasi. Ukikosea mkazo hujakosea lafudhi, umetamka neno lingine.

Na hapa kanda ya ziwa tuna bahati tunayoidharau. Kisukuma ni lugha ya toni, sauti kupanda au kushuka kunabadili maana, na watu wa isimu wanakijua kwa tabia yake moja ya ajabu, toni ya juu inazaliwa kwenye silabi fulani inaenda kusikika silabi mbili mbele. Toni sio mkazo, nisieleweke vibaya. Lakini mtoto aliyekulia kwa bibi yake Magu au Misungwi sikio lake limezoea kusikiliza kitu ambacho hakiandikwi, na huyo huyo ndo anaambiwa shuleni kwamba kilugha kinamharibia Kiingereza! Mi siamini hivyo hata kidogo.

Sasa mizani, yani hesabu ya silabi kwenye mshororo, mstari wa shairi. Nawaandikia ubaoni mistari yangu miwili ya kujitungia:

Ziwa letu lina mambo, wavuvi wanalijua,
Mawimbi yapiga chombo, upepo watuchukua.

Hiyo wanaimaliza fasta, nane kwa nane, kumi na sita, kina cha kati "mbo", cha mwisho "a", hakuna swali. Kila silabi ina uzito sawa na mwenzake, ukiongeza moja mshororo umejaa, ukipunguza moja umepungua, na anayeghani atakwambia palipokosekana. Afu nawaandikia mitatu ya Kiingereza, nayo ya kwangu:

Boats bring fish.
The boats will bring the fish.
The boats have been bringing us the fish.

Wanahesabu: tatu, sita, tisa. "Madam haina urari wa mizani hii." Haya, nawaambia pigeni meza kwenye "boats", kwenye "bring" na kwenye "fish", meza tu, mwendo uwe ule ule, na mistari yote mitatu itoshe ndani ya mapigo hayo matatu. Mwanzoni ni vurugu. Mstari wa tatu unawashinda kwa sababu wanataka kutamka kila silabi kwa heshima zake, "ha-ve bi-ni bri-ngi-ngi", na mkono unawasubiri hewani. Inabidi wameze. Zile "have been" na "ing us the" zinatakiwa zipite chapchap, zinung'unike tu katikati ya mapigo, na wakishaweza kuzimeza ghafla mistari yote mitatu ina urefu mmoja. Kiingereza kinahesabu mapigo, silabi zisizo na mkazo zinajibana zenyewe. Na ndo sababu ile ile ya watu kulalamika kwamba Waingereza wanameza maneno kwenye muvi, hawajifichi, lugha yao inatembea hivyo.

Baada ya hapo aiambiki pentamita haina ujanja tena. Aiambu ni guu la silabi mbili, ya kwanza nyepesi ya pili nzito, ti-TUM, na penta ni tano kwa Kigiriki, kwa hiyo ni maguu matano kwenye mstari. "The boats come back at dawn with silver fish." The BOATS, come BACK, at DAWN, with SIL, ver FISH. Silabi kumi, mapigo matano. Mwanafunzi aliyezoea ukwapi na utao atakuuliza mkato wa kati uko wapi, maana kwetu mshororo una kipande cha kwanza, ukwapi, na cha pili, utao, mwambie huku mkato sio lazima, mshairi anaweza kuuweka popote au asiuweke, na akiuweka unaitwa siza.

Halafu nageuza: "Silver, the boats come back at dawn with fish." Bado ni kumi, bado ni tano, ila pigo la kwanza limerukia silabi ya kwanza kabisa, SIL-ver. Swali la litricha ndo linaanzia hapo. Kwanini mshairi amevunja mwendo pale mwanzo? Kwa sababu anataka uone kumeremeta kwanza kabla hujajua ni nini kinachomeremeta. Anayewajua wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku wa giza lisilo na mwezi, na alfajiri wanarudi mwaloni mtumbwi umejaa, hahitaji kuelezwa mara mbili. Hilo ukiliandika kwenye pepa, hata kwa Kiingereza cha kawaida, litakuwa jibu. "The poet has used iambic pentameter" peke yake ni kutaja jina tu.

Majina yenyewe lakini yana utamu wake na mi siwezi kuyaruka, nisameheni kwa hili. Mtoto akikariri kwamba stanza ni ubeti inatosha kwa pepa, lakini ukimwambia kwamba stanza kwa Kitaliano ni chumba, na beti yetu inatokana na Kiarabu, bayt, nyumba, anaona watu wa pande mbili tofauti kabisa waliangalia kundi la mistari wakawaza makazi. "Verse" asili yake ni Kilatini, kugeuka, pale plau inapofika mwisho wa tuta ng'ombe wanageuzwa wanaanza mstari mwingine. Hilo kwa watoto wa Usukuma halina haja ya picha. Daktili ni kidole kwa Kigiriki, pingili moja ndefu na mbili fupi, na guu la daktili ndo hivyo hivyo, pigo moja na nyepesi mbili, "ELephant", angalia kidole chako cha shahada. Enjambimenti ni Kifaransa, ndani yake kuna "jambe", mguu, maana yake sentensi imepitisha mguu juu ya mpaka wa mstari ikaendelea upande wa pili, sisi tunaita mstari mshata. Oksimoroni imeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kigiriki, kali na butu, yani jina lenyewe linafanya kile kinachoelezwa.

Kwenye matamshi kuna kituko kimoja nakipenda. Watoto wameambiwa Kiingereza kina "e" ya mwisho isiyosomwa, wakaamini. Wakifika kwenye "hyperbole", yani chuku, wanasema "haipabol", wakifika kwenye "simile", yani tashbihi, wanasema "simail". Wakati yule ambaye hajui sheria yoyote akisoma Kiswahiliswahili, "haipaboli", "simile", ndo yuko karibu zaidi na ukweli! Ni hai-PA-boli na SI-mili, na ile "synecdoche" inayowatoa jasho, sehemu kusimama badala ya kitu kizima, ni si-NEK-doki. Ni maneno ya kigeni hata kwa Waingereza wenyewe, irabu ya mwisho inasomwa. Pwani wabeba mizigo wana "simile!" yao ya kuomba njia, hiyo ni habari nyingine lakini angalau inasaidia kukumbuka.

Alitereisheni, yani kurudia konsonanti ya mwanzo wa maneno, kwetu ina kamtihani kake. Sisi wa kanda hii "r" na "l" tunazichanganya, kalamu na karamu ni jambo moja kwenye midomo ya watu wengi tu ninaowaheshimu, na mtoto anaweza kupigia mstari "lake", "river" na "light" akasema konsonanti imerudiwa mara tatu. Simcheki. Namwambia awashe sauti ya kamusi kwenye simu asikilize, basi.

Kuhusu aironi, yani kinaya, kinachosemwa kuwa kinyume cha kinachomaanishwa, wao kila balaa ni aironi. Mtu akifeli mtihani, aironi. Mvua ikinyesha kwenye harusi, aironi. Nawapeleka kwenye daladala: abiria kakaa siti ya mbele toka Buhongwa mpaka mjini afu anatoa shilingi mia mbili, konda anampokea kwa mikono miwili, "Ahsante sana mheshimiwa, Mungu akuzidishie." Maneno ni ya baraka, toni ni ya matusi, na gari zima limeelewa isipokuwa pengine mheshimiwa mwenyewe. Toni ni msimamo wa anayesema kwa kile anachokisema, mudi ni hali inayowaingia wanaosikiliza, na pale konda ana dharau wakati abiria wanacheka. Toka nianze kutumia konda sijasikia tena toni na mudi zikichanganywa.

Apostrofi ngumu zaidi, maana wanaijua kama kile kialama cha "don't". Ile ya ushairi ni kumsemesha asiyekuwepo au kisichoweza kujibu. Hii sikuifundisha kwa utani. Igoma hapa ndo kuna makaburi ya waliokufa na meli ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996, na kila aliyekulia huku amesikia mtu mzima akiliongelesha ziwa, "umetumalizia watu, we ziwa", au mama akimuuliza marehemu mbona umeniacha na nani. Hiyo ni apostrofi, na shairi zima likisimama juu ya sauti hiyo unakuwa na eleji, sisi tunasema tanzia au shairi la maombolezo. Wanafunzi walielewa bila kukariri. Kuna mmoja alitaka kujua kama ni vibaya kuupa msiba jina la Kiingereza, nikamwambia jina halipunguzi kitu ila kwenye pepa aandike eleji.

Sasa nirudi kwenye hayo maneno magumu, maana wazazi wananidai.

Neno lina maana ya kamusi na lina harufu yake, denotesheni na konotesheni, na mfano mzuri kuliko yote tunao sisi. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ile ya mfanyabiashara wa Venice aliyoitoa 1969 aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika mfanyabiashara au tajiri, maneno yalikuwepo. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Mtu aliyesikia "bepari" mwaka 1969 hakusikia muuza vitambaa, alisikia mnyonyaji, kwa hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza alishaambiwa amkasirikie nani. Nikiwaeleza hivyo wanaacha kuniuliza kama "slim" na "skinny" ni kitu kimoja.

Na maneno yanayowakwamisha kwenye mashairi mara nyingi sio yale ya kwenye madesa. Ni "summer". Neno la fomu wani, kila mtu analijua, kiangazi. Lakini Mwanza iko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, na kiangazi chetu ni vumbi na maji ya kuchota mbali. London mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na kitu usiku, na Desemba saa kumi jioni tayari giza. Watu waliokaa miezi kwenye giza na baridi wakiandika "summer" wanaandika furaha, na mwanafunzi wangu akisoma anaona ukame, halafu anajibu kwamba mshairi anamlalamikia mpenzi wake kuwa ni mkavu. Jibu hilo nimelisahihisha kwa macho yangu. Kwa hiyo misamiati migumu ya kweli ni "summer", "spring", "frost", "lark", na inafundishwa kwa kueleza hali ya hewa ya watu, sio kwa kutafsiri neno kwa neno.

Hayo makubwa nayo sijayatupa. "Ephemeral" asili yake ni Kigiriki, ya siku moja, na mtu wa ziwani anawajua wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi, wakishaota mabawa maisha yao ni mafupi mno, asubuhi unawafagia chini ya taa. Ukiliunganisha neno na hao wadudu halitoki tena kichwani. Ila "plethora" sitaki kuiona. Wanaichomeka kila mahali, "a plethora of sadness", jamani.

Yanayoleta maksi ni maneno madogo ya kazi, vitenzi: "suggests", "evokes", "conveys", "mocks", "undercuts", "lingers". Kwa sababu anayesahihisha anajua simili ni nini, anataka kujua inafanya nini pale. Mwanafunzi akiandika "the poet has used simile" afu akaweka nukta, mi naandika pembeni kwa peni nyekundu, "kwa hiyo?" Wamenibatiza Madam Kwa-hiyo, najua, na nimekubali.

Halafu fri vesi. Ukiuliza darasa lolote utajibiwa kwamba ni shairi lisilo na sheria, wanasema kwa pamoja. Hapo ndo namtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho meli ya Nansio inakwenda kutoka hapa mjini. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, mashairi ya Kiswahili yaliyoacha vina na urari wa mizani, na palichimbika. Wanamapokeo walisema haya sio mashairi, shairi ni vina na mizani, wenzao wakajibu kwamba shairi ni zaidi ya hapo, na mzozo huo ulidumu miaka. Mtu wa kisiwani kwetu, kashika lugha ambayo imepigiwa mizani karne kwa karne, akaamua kuziacha. Huwezi kuacha kitu ambacho hukisikii. (Kisiwa kile nacho! Ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe 1945 na ikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980.)

Nawapa zoezi moja. Chukua sentensi ya kawaida kabisa, mfano tangazo la ratiba ya meli, likate mistari unavyotaka, afu lisome kwa sauti na usimame kila mwisho wa mstari. Wakikata ovyo inasikika ovyo. Wakikata kabla ya neno zito, neno linaning'inia, sikio linasubiri. Wakikata baada ya "hapana", hapana inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Ndani ya nusu saa wanabishana kuhusu mahali pa kukata mstari kwa ukali ambao sijawahi kuuona wakibishana kuhusu chochote kwenye litricha, na hapo ndo nawarudisha kwenye shairi la Kiingereza la silabasi yao tunaliuliza maswali yale yale. Sheria zipo, ila mshairi anazitunga upya kwa kila shairi na msomaji ndo anazigundua. Hiyo ni kazi zaidi, sio pungufu.

Mwalimu mwenzangu mmoja, rafiki yangu sana, ananiambia napoteza muda, mtihani wenyewe hauna swali la kupiga meza, wape dhamira, ujumbe na tamathali waende. Kwa pepa la fomu foo ana hoja, sikatai, na mwezi wa mwisho kabla ya mtihani na mi nafanya hivyo hivyo, tunasolvu past pepa mpaka jioni. Lakini huyo huyo ananiletea watoto wake wa fomu faivu ikifika Agosti, wamejaa tamathali na hawawezi kusoma ubeti mmoja kwa sauti.

Kwa aliyeko mbali na mwalimu, fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza, hata ile chakavu ya mtumba, angalia kile kimstari kidogo kilichosimama kabla ya silabi kwenye yale mabano ya matamshi. Wengi wanadhani ni uchafu wa wino. Ndo mkazo huo, kwenye kamusi nyingi silabi inayofuata baada yake ndo nzito. Kwenye kamusi ya simu bonyeza kispika, haili bando sana. Ukiandika neno jipya kwenye daftari lako andika na hiyo silabi kwa herufi kubwa, weka pembeni sentensi uliyolikutia, na neno moja linaloraimu nalo kwa kuanzia kwenye mkazo. Kwa "ephemeral" usihangaike kutafuta raimu, mi mwenyewe nimeshindwa.